Acheni meli isimame Båtsfjord

Tulikuwa kwenye chai ya asubuhi, kwenye meli ya Hurtigruten, ile njia ya meli za abiria na mizigo ya pwani ya Norwe, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, abiria mwenzangu akaanza kulalamika. Amekosa usingizi kwa sababu meli ilitia nanga Båtsfjord usiku wa manane. Kwa nini wasizifute hizo bandari ndogo, akauliza, wakati hakuna mtalii anayeshuka huko? Maneno yale yamenichoma hadi leo.

Mimi nilikuwa macho saa ile. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa, foklifti ikaingia na kutoka na shehena iliyozungushiwa nailoni, upepo ukisukuma theluji hadi ndani. Mama mmoja akashuka na mtoto amelala begani, gatini kijana akampokea begi. Kabla watu hawajamaliza kuagana, kamba zilishafunguliwa. Huyo mama angeshukia wapi? Barabara ya kwenda Båtsfjord inapita mlimani, na dhoruba ikichachamaa hufungwa, au magari huruhusiwa kwenda kwa msafara tu nyuma ya mtambo wa kuondoa theluji.

Tena ni huko kusafiri usiku kulikoifanya njia hii iwepo. Kabla ya 1893, barua kutoka mji wa Trondheim hadi Hammerfest, kule kaskazini, ilichukua wiki tatu wakati wa kiangazi, na hadi miezi mitano majira ya baridi. Wenye meli waliogopa kupita gizani katikati ya visiwa na miamba, na minara ya taa ilikuwa michache. Nahodha Richard With na rubani wake Anders Holte walikuwa wameandika kila kipande cha njia: uelekeo, kasi, muda. Kwa maandishi hayo, dira na saa, meli yao Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim Julai 2 mwaka ule na kusafiri mchana na usiku. Watu wa kaskazini wakapata barua kwa siku chache. Ndiyo Hurtigruten ikazaliwa.

Leo meli zinatoka Bergen hadi Kirkenes, bandari 34, na kwenda na kurudi ni siku 12. Bandari nyingi unazozipita umelala wakati wa kwenda, utaziona mchana wakati wa kurudi. Aliyelalamika angengoja tu.

Haya, nakubali, fedha za watalii zinasaidia kuziendesha meli hizi. Nakubali pia kwamba bahari ikichafuka sana nahodha hupita Berlevåg, bandari jirani, bila kusimama, na hapo hana jinsi. Lakini kuipita bandari kwa sababu ya mawimbi na kuipita kwa sababu ya usingizi wa mgeni ni mambo mawili tofauti kabisa.

Serikali ya Norwe inalipia huduma hii, na mkataba wa sasa ni wa hadi 2030. Watakaoandika mkataba unaofuata, nawaomba wasiiguse Båtsfjord, wala Mehamn, wala Berlevåg. Anayetaka kulala bila kusikia foklifti, meli za kitalii zipo tele.