Pumzi ikikatika, shida ni mapafu peke yake?

Chukua wamama wawili wa kukausha samaki huku Kisumu, miaka yote wako kwa moshi wa kuni, wote wana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu, wamepuliza kile kipimo cha nguvu ya mapafu na majibu yanakaribiana, lakini mmoja anatembea hadi stegi vizuri na mwingine nusu njia anashika ukuta. Watu wanasema huyo wa pili anadeka. Wacheni hizo!

Hisia ya kukosa pumzi inaundwa na ubongo, na ubongo uko na kitulizo chake, endofini, jamii moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu. 2009 kule Marekani daktari wa mapafu Donald Mahler na wenzake waliwapea wagonjwa wa COPD naloksoni, dawa inayozuia endofini isifanye kazi, wakawatembeza kwa mashine. Wakiwa na naloksoni walihisi kubanwa zaidi kuliko wakidungwa maji ya chumvi. Kumbe mwili ulikuwa unawapunguzia makali kimyakimya.

Sasa hapo ndio watu wanarukia, si basi wapewe mofini? Australia walijaribu 2003, watu 48, miligramu 20 kwa siku, pumzi ikawa afadhali na hata usingizi. Sawa, lakini 2022 hukohuko wagonjwa 156 wa COPD walipewa miligramu 8 au 16, na baada ya wiki hakukuwa na tofauti na wale wa dawa bandia, isiyo na kitu ndani, kwa kile kipimo kikuu, yaani pumzi ilibana kiasi gani wakati ilikuwa mbaya zaidi. Mirtazapini, dawa ya mfadhaiko inayogusa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ilijaribiwa 2024 na haikusaidia, ikaongeza madhara tu.

Kwangu naona hivi, kuzima endofini na mtu aumie haimaanishi ukimwongezea kutoka nje atapata nafuu, kwa sababu mofini haichagui pa kwenda, inafunga choo, inaleta usingizi, na ukizidisha inapunguza kupumua kwenyewe. Lakini pia wale wanaosema hii maneno ya kemikali za neva ni hadithi wamesahau inhela ya tiotropiamu, hiyo inazuia asetilikolini, kemikali ya neva, isikaze njia za hewa, na inafanya kazi kila siku. Kwa hivyo kugusa neva ndani ya mapafu kumelipa, kwa ubongo bado ni bahati nasibu.

Huyo mama wa pili aanze na inhela, moshi upunguzwe, na mazoezi ya kutembea polepole. Mofini ni ya daktari kuamua hali ikiwa mbaya kabisa, sio tramado, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, ya kuokota kemisti.