Siku mbili zilizomeza falme: kwa nini kalenda ya Tamriel isinyooshwe

Tarehe 9 ya mwezi wa Frostfall, mwaka 417 wa Enzi ya Tatu, ghuba ya Iliac katika Tamriel, bara la kubuni la michezo ya video ya The Elder Scrolls, ilikuwa na vijidola zaidi ya 40 vikigombania mipaka. Tarehe 11 vilibaki vinne tu: Daggerfall, Sentinel, Wayrest na Orsinium. Askari walijikuta kwenye ardhi wasiyokumbuka kuiendea. Miji iliungua, na hakuna aliyeweza kueleza kwa yakini nani aliwasha moto. Watu wa dola wakaziita siku hizo Muujiza wa Amani.

Waliofuatilia michezo ya The Elder Scrolls wanajua zilikotoka. Daggerfall, mchezo wa mwaka 1996, ulimwekea mchezaji mkononi uwezo wa kuamua nani alitawale Numidium, lile jitu la shaba lililompa Tiber Septim dola yake. Unaweza kumpa Malkia Akorithi wa Sentinel. Unaweza kumpa Mfalme Gothryd wa Daggerfall, au Eadwyre wa Wayrest, au Gortwog wa Orsinium, au mawakala wa Kaizari, au hata Mannimarco, mchawi wa wafu anayetaka kuwa mungu. Kila uamuzi una mwisho wake, na miisho hiyo haikai pamoja. Bethesda, waundaji wa michezo hii, walipoendelea na Morrowind mwaka 2002 na Oblivion mwaka 2006, ilibidi waseme upi ndio uliotokea. Jibu lao likawa: yote. Akatosh, Joka ambaye ndiye wakati wenyewe, alivunjika kwa siku mbili, na kila mwisho ukapita kwenye ufa huo. Gortwog akapata nchi ya Orsinium. Kaizari akatiisha falme zote nne. Mannimarco akawa mungu.

Tangu hapo wachezaji wamegawanyika. Wengi wanaiita hiyo njia ya mkato: mwandishi ameogopa kuchagua, akajificha nyuma ya mungu. Wanataka Tamriel iwekwe sawa kama kampuni ya Nintendo walivyofanya na michezo yao ya Zelda Desemba 2011, walipochapa kitabu chenye mpangilio rasmi wa michezo yote, kuanzia chimbuko la ufalme wake, Hyrule, hadi mwisho, kila kisa na nafasi yake. Swali si dogo. Anayetumia miezi ndani ya dunia fulani anastahili kujua kama aliyoyafanya mle yalihesabika.

Naanza na hoja yao iliyo nzito kuliko zote. Historia yetu wenyewe imejaa kumbukumbu zinazogongana. Habari za Kilwa zimetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa maandishi ya Mreno João de Barros, yaliyochapwa 1552, na orodha za masultani hazilingani. Hakuna mwanahistoria aliyehitimisha kwamba wakati ulivunjika Kilwa. Husema mwandishi mmoja alikosea, au wote wawili, kisha huchukua sururu na kwenda kutafuta sarafu ardhini. Mbona Tamriel isitendewe vivyo hivyo? Kugongana kwa masimulizi ni jambo la kila siku, lakini kugongana kwa matukio yenyewe ni jambo jingine kabisa. Ukisema matukio mawili yanayopingana yote ni kweli, wasema hao, umeondoa sababu na matokeo, na hadithi isiyo na sababu na matokeo haimshiki mtu.

Tena wanaye shahidi ndani ya mchezo wenyewe. Kabla ya siku mbili za Frostfall, Joka linasemekana kuvunjika mara nyingine, katika Enzi ya Kwanza, kuanzia mwaka 1200 hadi 2208: miaka 1008 bila mpangilio wa wakati. Msomi mmoja wa Tamriel, Fal Droon, anapinga kwa kalamu kali. Kwake yeye hapakuwa na Joka lililovunjika. Kulikuwa na wanahistoria waliokosea tarehe, wakajikuta na karne tupu, wakazijazia muujiza. Waundaji waliweka kitabu chake rafuni, mchezaji akisome, na hawakuweka kingine cha kumnyamazisha. Hilo ni la kuwasifu.

Lakini hoja ya Kilwa inasahau mkono wa mchezaji. De Barros hakuwepo Kilwa sultani alipotawazwa. Mimi nilikuwepo Akorithi alipokabidhiwa Numidium, kwa sababu mimi ndiye niliyemkabidhi. Wewe ulikuwepo alipokabidhiwa Gothryd. Kati yetu hakuna mwandishi aliyenakili vibaya. Tuna watendaji wawili, na kila mmoja anakumbuka sawasawa alichotenda. Mwandishi wa riwaya akichagua mwisho mmoja hakuna anayepoteza, kwa kuwa mwisho mwingine haukuwahi kuwapo. Mwandishi wa mchezo akichagua, anawaambia maelfu ya watu kwamba usiku wao wote ule haukutokea. Uhakiki wa vyanzo hauwezi kuponya hilo, kwa kuwa hapa vyanzo havina kosa.

Na hata tarehe zao hazifanani. Mchezo unaanza mwaka 405. Mmoja alimaliza kabla mwaka haujageuka, mwingine alizurura kwa miaka kadhaa ya Tamriel akipora mapango, akinunua nyumba, akikopa benki na kutoroka madeni. Wote wakafikishwa kwenye Frostfall ya 417. Ile miaka kumi na miwili kati ya mwanzo na ufa ilikuwa pana vya kutosha kuwapokea wote. Ratiba rasmi isingeipata nafasi hiyo: ingetaja mwaka mmoja, na aliyemaliza tofauti angeachwa nje.

Katika ile miaka 1008 kuna jambo ambalo sijaona likipewa uzito wake. Ikiwa wakati ulivunjika, nani alihesabu? Ukisema karne kumi zilipita bila mpangilio, umeshazipanga tayari. Namba 1008 yenyewe inahitaji kalenda iliyobaki nzima. Mchezo una jibu, nalo linatoka kwa Khajiit, watu wenye umbo la paka, ambao mataifa mengine ya Tamriel huwaona wezi na wachuuzi tu. Mmoja wao anaulizwa walikuwa wapi Joka lilipovunjika. Anajibu kwamba walikuwa wakiandika. Wanadamu walipokuwa wakipigana na vivuli na kuwazaa baba zao wenyewe, Mane, kiongozi wa Khajiit, alikuwa akitazama miezi miwili ya anga lao, Masser na Secunda, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobaki bila kuyumba. Namba mnayojivunia, anasema, mmeiiba kwetu.

Kwa msomaji wa Kiswahili jibu hilo halihitaji tafsiri. Kwetu mwezi ni ule wa angani na ni huu wa kuhesabia, neno ni moja. Bibi yangu hakuwahi kusema Shawwal. Alisema Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, akihesabu kutoka pale Ramadhani ilipoandama na kwisha, na kalenda ya ukutani ikiendelea na mambo yake pembeni. Mkulima aliyehitaji kujua mvua alitazama kalenda nyingine. Juma letu lina tano mbili zinazofuatana: Jumatano, ya tano ukianzia Jumamosi, na Alhamisi, ya tano kwa Kiarabu, ukianzia Jumapili. Hesabu mbili za siku zilikutana pwani, hakuna iliyoifuta mwenzake, na hajakosa mtu kufika shambani kwa sababu hiyo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, anapata somo zima la nani walikutana na nani ufukweni. Tungelinyoosha juma, somo hilo lingepotea.

Ndivyo ninavyoisoma ile 1008. Inatuambia kwamba dola ya wanadamu ilitegemea kalenda moja, kalenda hiyo ikaanguka, na waliookoa hesabu ni watu waliodharauliwa. Ratiba iliyonyooka ingekuwa na mstari tu: mwaka 1200, mwaka 1201. Khajiit wasingekuwa na la kusema.

Kuna mgongano mwingine, hata hivyo, ambao Joka halihusiki nao hata kidogo, na hapo upande wa pili nauona una haki. Ndani ya Daggerfall kila mwezi una siku 30, hivyo mwaka ni siku 360. Kuanzia Morrowind miezi ikafuata urefu wa miezi yetu, mwaka ukawa siku 365. Tofauti ya siku tano inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Enzi ya Tatu ilidumu miaka 433. Zidisha kwa tano, unapata siku 2,165, karibu miaka sita. Kaizari Uriel Septim wa Saba alizaliwa mwaka 346, akauawa 433, mzee wa miaka 87. Kama miaka hiyo ilikuwa ya siku 360, mzee huyo alikuwa hajafika 86 kwa hesabu ya miezi mipya. Rudi kwenye ile 1008 na tofauti inakuwa siku 5,040, zaidi ya miaka kumi na mitatu, ndani ya namba ambayo Khajiit wanaiapia.

Nimerudi kwenye hesabu hii mara nyingi, kwa sababu inaonyesha mpaka wa hoja yangu. Hakuna mtu ndani ya Tamriel aliyebadilisha kalenda. Hakuna amri ya Kaizari, hakuna mtaalamu wa nyota aliyegundua kosa, hakuna kijiji kilichokataa siku tano mpya. Ni programu iliyorahisishwa mwaka 1996, kisha ikaboreshwa. Kumwita Joka hapa ni kumtumia vibaya. Waundaji walipaswa kusema kwamba miezi ya siku 30 ilikuwa kosa na kuifuta, au, na hili ningelipenda zaidi, kuipa watu. Wangeweza kusema kwamba ghuba ya Iliac ilitumia miezi ya siku 30 hadi ilipotiishwa mwaka 417. Mkazi wa pwani yetu anajua maisha hayo: mwenye miaka 60 ya Hijria ana 58 ya Miladia, na hakuna anayemwita mwongo. Mgongano ukiwa na watu wanaouishi unakuwa sehemu ya nchi. Usipokuwa na watu ni kosa tu, na kosa lisahihishwe.

Sasa tuipime njia ya Nintendo kwa matunda yake. Michezo ya Zelda ilianza 1986, kila mmoja ukatengenezwa kwa ajili ya uchezaji wake, hadithi ikifuata. Mpangilio wa 2011 ulileta faida halisi: mashabiki walikuwa wakibishana kwa miaka, na ghafla wakapata msingi mmoja wa kuzungumzia. Ila kuulinganisha kulihitaji matawi matatu kutoka Ocarina of Time ya 1998, na tawi moja linaanzia pale shujaa anaposhindwa na adui yake Ganon, mwisho ambao mchezo wenyewe hausimulii popote. Wanaotaka Tamriel iige mpangilio huu watazame hapo vizuri. Hata ratiba rasmi ililazimika kukubali miisho inayopingana yote kuwa kweli. Ilichokosa ni mtu wa Hyrule anayejua kwamba imekuwa hivyo. Ufa wa Tamriel una wajane na mipaka mipya. Ufa wa Hyrule uko kwenye mchoro.

Na mchoro haukutulia. Mwaka 2018 tovuti ya Nintendo ya Japani ilihamisha nafasi ya mchezo wa Link's Awakening. Breath of the Wild ya 2017 ikawekwa mbali, bila kuunganishwa na tawi lolote. Kisha 2023 Tears of the Kingdom ikamleta Rauru, anayetajwa kuwa mfalme wa kwanza wa Hyrule, na mabishano juu ya mwanzo wa ufalme yakaanza upya.

Pamoja na hayo, dawa ya Joka haitaki kutolewa kwa kila homa, na ninawasifu Bethesda kwa kuibana. Skyrim, mchezo wa 2011, unatokea mwaka 201 wa Enzi ya Nne, karne mbili baada ya Oblivion. Hawakuvunja wakati ili kulinda maamuzi ya wachezaji wa michezo iliyotangulia. Waliacha miaka ipite, kumbukumbu zififie, na wanaosimulia wasimulie nusu. Mara nyingi hilo linatosha.

Mtihani unaokuja ni wa Skyrim yenyewe. Mchezaji alichagua kati ya mwasi Ulfric Stormcloak na majeshi ya dola chini ya Jenerali Tullius, na The Elder Scrolls VI, iliyotangazwa 2018, ikiwekwa baada ya mwaka 201 italazimika kujua bendera gani inapepea Windhelm, mji wa Ulfric. Wapo wanaoomba tayari Joka livunjwe tena. Nasimama dhidi yao. Frostfall ya 417 ilikuwa na chanzo chake, jitu la shaba linalopinda wakati kila linapowashwa, na ilikuwa na gharama yake, miji iliyoungua na nchi zilizomezwa. Vita vya Skyrim ni vya watu, vya mapanga na kodi na sala iliyopigwa marufuku. Akiwepo katika mchezo ujao mkimbizi kutoka Solitude, mji wa dola, anayesema walishinda, na mwingine kutoka Windhelm anayesema walishinda wao, na wote wawili wakaomba pesa ya chakula kwenye soko la nchi ya mbali, mchezaji wa kila upande atamkuta mtu wake pale, na Joka libaki zima.