Fundi ameleta intaneti, mlango ameuacha wazi

Hapa Nguba, Bukavu, nilizunguka wiki nzima nikitafuta intaneti ya nyumbani. Kila muuzaji anakutajia kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Lile neno "hadi" lililo mbele ya 20 analimeza. Jioni mtaa ukirudi nyumbani, unabaki na 3.

Kinachoniuma zaidi ni fundi. Alifunga ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, akapokea pesa, akaondoka. Usiku nafungua ukurasa wa mipangilio: jina "admin", neno la siri "admin"! Yeyote aliyeshika waifai yangu angeingia akageuza kila kitu. Nikabadilisha, nikaweka WPA2, ulinzi unaoficha mawasiliano ya waifai, nikazima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwa PIN, maana PIN yake ya tarakimu 8 huvunjwa kwa saa chache. Kazi yangu yote, dakika 10 tu. Mama jirani ana "admin" hiyohiyo tangu miezi sita, fundi yuleyule. Kwa nini hawatuambii?