Jinamizi Lina Tarehe Yake

Tangu vijana walipojaa barabarani hapa Kisumu Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na hasa baada ya habari za watu kutekwa nyara kuenea, nimesikia kauli moja darasani, kwenye matatu, hata pale Dunga tukila samaki: "George Orwell aliyatabiri haya." Wanamaanisha yule mwandishi Mwingereza na riwaya yake *Nineteen Eighty-Four*, kuhusu serikali inayomchunguza kila raia na kuugeuza ukweli ipendavyo.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Kauli hiyo hunifurahisha, kwa kuwa ni dalili kwamba watu wanasoma. Pia hunikera, kwa kuwa inamfanya mwandishi mpiga ramli.

Orwell hakupiga ramli. Mwaka 1937 alikuwa vitani Uhispania, akapigwa risasi ya koo, na akasoma magazeti yakisimulia mapigano makubwa mahali ambapo hapakuwa na vita. Kuanzia 1941 hadi 1943 aliandalia BBC vipindi vya kutangazwa India, vipindi ambavyo vilipita kwa mkaguzi kabla ya kusomwa hewani. Na riwaya hiyo ilipotoka 1949, Waingereza walikuwa bado wanapimiwa nyama na sukari kwa mgao, miaka minne baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Ndani ya riwaya mgao wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20, na kesho yake watu wanaandamana kushukuru kwamba umepandishwa hadi 20. Hiyo ni kumbukumbu ya mtu aliyewahi kupimiwa chakula na kudanganywa na gazeti.

Mwenzangu mmoja wa idara hanikubalii kirahisi. "Kama kitabu ni picha ya wakati wake tu," huniuliza, "mbona mtoto wa Nyalenda, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, anajiona humo?" Hoja hiyo ni nzito, wala sina jibu la kuimaliza. Mtazame mwandishi wa Kenya, Katama Mkangi. Alitiwa kizuizini mwaka 1986, enzi ya Nyayo, yaani utawala wa Rais Moi, bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1995 akatoa riwaya ya *Walenisi*, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa lakini anajikuta katika nchi ya watu walio sawa. Wanafunzi wangu walizaliwa Moi akiwa ameshaondoka Ikulu. Neno "kizuizini" inabidi niwaeleze. Lakini wakilivunja jina la riwaya na kupata "wale ni sisi", darasa zima hunyamaza. Ukimya huo hautoki kwa Mkangi peke yake. Wao pia wameleta hofu yao.

Kwa hiyo nakubali kwamba msomaji hukikamilisha kitabu kwa siku zake mwenyewe. Nisichokubali ni neno utabiri. Jambo lililotabiriwa halina mtendaji. Lilikuwa lije tu. Jambo lililoshuhudiwa lina mtu aliyeketi ofisini, akafuta sentensi hii na kuiacha ile, akatia sahihi. Huyo anaweza kuulizwa.

Wazee wa hapa hulijua hilo bila riwaya yoyote. Ukiwauliza kuhusu Oktoba 1969, umati ulipomiminiwa risasi siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, hakuna anayekuambia kwamba iliandikwa itokee. Wanakuonyesha msafara ulipita wapi, nani alikuwa amesimama upande gani, na mtoto wa nani hakurudi nyumbani.

Muhula huu, kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, nimewatuma wanafunzi kwa babu na nyanya zao na swali moja: mliona nini?