Wharram Percy: Tuache Kuisingizia Tauni

Ukiulizia vijiji vilivyokufa Uingereza, jibu la kwanza huwa lile lile: ilikuja tauni ya 1349, watu wakaisha, nyasi zikaota. Hadithi hiyo haigombanishi mtu na mtu, maana panya hana ukoo wa kumtetea, na nadhani ndiyo sababu imedumu. Lakini kijiji kilichochimbwa kwa uvumilivu wa miaka 40, Wharram Percy, kinaikataa, na mimi nipo upande wake.

Kipo Yorkshire, kwenye vilima vinavyoitwa Wolds, kama kilomita kumi kutoka mji mdogo wa Malton. Vilima hivyo ni mwamba wa chaki. Mvua ikinyesha maji hayatuami, yanazama, na mabonde mengi ni makavu. Chemchemi, basi, ni mali. Wharram ilikuwa nazo chini ya mteremko, na ukishajua hilo kijiji chote kinasomeka: nyumba zilipangwa juu, zikitazamana na mashamba, kanisa la Mtakatifu Martin likakaa bondeni penye maji, kijito kikazibwa kuwa bwawa la kinu cha kusagia nafaka. Parokia yake ilikuwa na vijiji vitano: Wharram Percy yenyewe, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Hilo jina la mwisho liweke akilini.

Leo aliyepita kwa haraka ataona matuta ya nyasi tu na gofu la kanisa. Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, alifika hapo 1948 akielewa kwamba matuta yale ni misingi ya nyumba. Uchimbaji ukaanza 1950, John Hurst, mwanaakiolojia kamili, akajiunga naye, na kila kiangazi mpaka 1990 watu wa kujitolea walirudi kuchimba. Hawakuwa wakitafuta dhahabu. Walitaka kujua mkulima wa kawaida aliishije, swali ambalo wakati huo wasomi wengi hawakuona kama lina maana.

Majibu yalikuja kwa wingi. Nyumba zilikuwa ndefu, watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili chini ya paa moja. Kwanza ilidhaniwa ni vibanda vya kujengwa upya kila kizazi. Baadaye mwanaakiolojia Stuart Wrathmell akaonyesha kwamba viunzi vyake vya mbao vilikuwa imara, vya kudumu. Makaburini yalifukuliwa mabaki ya karibu watu 700. Watoto walinyonya hadi karibu mwaka mmoja na nusu, lakini wa miaka kumi alikuwa mfupi kuliko wa leo kwa kama sentimita 20. Yupo mwanamume aliyepigwa kichwani, akapasuliwa fuvu kutibiwa, akapona. Halafu kuna jambo la kusisimua mwili: utafiti uliotolewa 2017 ulikuta mifupa 137, ya watu wasiopungua kumi, yenye alama za visu na moto. Maelezo ambayo watafiti waliona yanafaa zaidi ni kwamba wanakijiji walikuwa wakiwazuia wafu wasiamke kuwadhuru walio hai. Na meno yalionyesha kuwa hao waliokatwakatwa hawakuwa wageni. Walikuwa wenyeji, majirani.

Kwangu mimi, shahidi mkubwa kuliko wote ni ukuta wa kanisa. Watu walipoongezeka, katika karne za 12 na 13, kanisa lilipanuliwa pembeni kwa kuongeza safu zenye matao. Walipopungua, safu hizo za pembeni zilibomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Yanaonekana mpaka sasa. Hakuna karani wa sensa aliyewahi kuandika vizuri hivyo.

Sasa tauni. Ilifika, na iliua wengi. Simkatalii mtu hilo. Lakini mwaka 1368, karibu miaka ishirini baadaye, bado kulikuwa na kaya kama 30. Watu walikuwa wakilima, wakioa, wakizika. Kijiji kiliendelea kusinyaa kwa zaidi ya karne moja, na kilichokimaliza kina jina la mtu. Tume ya serikali ya 1517, iliyochunguza mashamba kugeuzwa malisho, iliandika kwamba baada ya 1488 Baron Hilton, kabaila mwenye ardhi ile, alibomoa nyumba nne na kuondoa plau nne. Familia nne za mwisho zilitolewa, kondoo wakaingizwa.

Najua pingamizi litakalokuja: tauni ndiyo iliyofanya vibarua wawe adimu na mishahara ipande, na sufu ilikuwa na bei, hivyo kabaila alifuata hesabu tu. Sawa. Shamba la nafaka linahitaji mikono mingi, kundi la kondoo linahitaji mchungaji na mbwa wake. Lakini hesabu haimtoi mtu nyumbani kwake. Anayetoa ni yule anayeagiza paa lishushwe. Ukisema "tauni" ukanyamaza, umemfutia Hilton jina lake kwenye kumbukumbu ambayo serikali yake mwenyewe iliiandika.

Kisha kuna Thixendale. Kijiji hicho hakikufa. Kwa sababu kanisa la parokia lilibaki Wharram, watu wa Thixendale waliendelea kutembea kupitia mabonde makavu kwenda kusali na kuzika wafu wao katika kijiji kisicho na wakazi, karne baada ya karne, mpaka walipopata kanisa lao 1870. Chaki ile ile, parokia ile ile, tauni ile ile. Kimoja kipo, kingine hakipo. Anayetaka kunieleza Wharram Percy kwa tauni peke yake aanzie hapo.