Besi nimenunua mimi, anaifaidi mzee wa chumba cha pili

Jamani naomba nilalamike kidogo maana nyumbani kwangu hakuna wa kunisikiliza, wote wako bize na muvi. Mimi nimenunua homu thieta, spika tano ndogo na sabufa moja kubwa, risiti ninayo, waranti ninayo, boksi lake liko juu ya kabati mpaka leo maana mama Aisha boksi hatupi, kitu pekee ambacho sina ni besi. Besi niliyoilipia kwa jasho langu inaishi chumba cha pili kwa mzee wa watu ambaye kifaa chake yeye ni redio ya betri ya kusikilizia matangazo ya vifo.

Pale Kariakoo ilikuwa inapiga bwana. Muuzaji kaiweka sabufa chini kwenye kona, nyuma ukuta, ubavuni ukuta, chini sakafu, na sabufa ikikaa kona namna ile lazima itoke nene hata kama yenyewe ya hovyo kwa sababu besi haina pa kutawanyikia, kuta zote zinairudisha mbele kwako. Akafungulia singeli moja hivi, kaunta ikatetemeka, kikombe cha chai cha yule dada wa kukata risiti kikaanza kusogea chenyewe kuelekea ukingoni na yeye hata hashtuki, anakirudisha na kidole kimoja huku anachati. Nikasema hii hii, funga.

Sasa kasheshe la kwanza likaanzia kwenye boksi. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa ya njano 12,000W PMPO, na sisi tumepanga nyumba ya uswahilini, LUKU moja, hakuna cha submita, tunachanga. Nashuka kwenye bajaji na boksi langu, wapangaji wenzangu wamekaa barazani, wamelisoma boksi kabla hata ya kunisalimia. Jioni kikao. Ajenda moja, eti mwenye wati elfu kumi na mbili achangie LUKU ya mashine ya kusaga.

Nikawaambia ndugu zangu tusikilizane, hiyo PMPO ni namba ya kunogesha boksi, haina kipimo ambacho watu wamekubaliana, kila kiwanda kinajipigia chake, ni ile nguvu ambayo eti ingetoka kwa kale kasekunde kadogo kabla spika haijaungua. Ukitaka ukweli geuza nyuma, kuna kikaratasi kidogo cha fedha karibu na waya wa umeme, kimeandikwa 220-240V halafu 60W, basi, ndo hiyo tu, sawa na balbu moja ya zamani zile za kuwaka njano. Ingekuwa kweli inakula wati 12,000 ingemaliza uniti 12 kwa saa moja, na kwa umeme wa volti 230 ingevuta ampea zaidi ya 50, nyaya za nyumba hii tunazijua zilivyo, zingeyeyuka kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Hii yangu kumaliza uniti moja inabidi ipige saa 16 na ushee bila kupumzika. Wakati pasi ya shemeji wa chumba cha nne inakula wati elfu moja na kila Jumapili anapiga sare za watoto wa ukoo mzima na hakuna aliyewahi kumwitia kikao! Nilipotaja pasi tu mambo yakabadilika, ikawa kesi ya mimi na shemeji, pasi kwanini naichunguza, na mwisho wa yote nikapangiwa niongeze buku mbili kila mwezi, eti ya busara. Busara ya nani sijui.

Haya tuje kwenye kufunga. Kwenye kile kitabu cha maelekezo kuna picha ya jamaa kakaa peke yake katikati ya sebule ambayo ukiileta Dar wanapangishwa familia tatu. Spika mbili za mbele zimemkalia kushoto na kulia nyuzi 30 kila upande, senta, ile spika ya katikati, iko chini ya TV, za nyuma ziko ubavuni kwenye nyuzi 110 hivi, zimepita masikio kidogo. Mke hana, mtoto hana, friji hana, ndoo ya maji hana. Mimi sebule yangu ni futi kumi kwa kumi, humo humo kuna seti ya sofa, kabati la vyombo, friji, meza ya TV, baiskeli ya Aisha na madumu ya maji ya akiba, hizo nyuzi 110 nikazitafute wapi? Spika ya nyuma kushoto ikaenda juu ya friji, kwa hiyo friji ikianza kunguruma kwenye muvi upande wa kushoto linapita lori, hata kama ni harusi kanisani lori linapita. Ya kulia nikaitundika msumari karibu na pazia la chumbani, upepo ukivuma pazia linaifunika, sauti inaenda inarudi, mwenyewe nimeshazoea.

Halafu kuna suala la vitambaa. Mama Aisha anafuma, vile vyeupe vyenye ua jekundu katikati, na kwake yeye kitu chochote chenye umbo la boksi kikikaa bila kitambaa ni aibu kwa wageni. Narudi kazini nakuta spika zote tano zimevishwa, sabufa imepewa kitambaa kikubwa kuliko wenzake na juu yake vesi ya maua ya plastiki. Ukifungulia muziki yale maua yanakuja mbele taratibu, yakifika ukingoni mtoto anayarudisha, ndo kazi yake siku hizi. Nikamwambia mama Aisha hivi vitambaa vinaziba sauti ya twita, kale kaspika ka sauti nyembamba, akaniuliza kwani baba Aisha hizo spika zinapumua? Nikamwambia ndiyo, sabufa inapumua, ona hili tundu la ubavuni, weka mkono hapa, nikafungulia akausikia ule upepo unatoka kila besi ikipiga, pu, pu, pu. Akafurahi kweli. Toka siku hiyo soksi za Aisha zinaanikwa pale.

Besi sasa. Nakaa naisubiri, haiji. Muvi inalipuka, jengo zima linaanguka, watoto kwenye sofa wanasema duuh, mimi nasikia puf. Nikaita fundi. Fundi wa mtaani kwetu ni wa kukunja uso kwanza kabla ya kusema kitu ili bei ipande, akakunja, akatoa betri ya rimoti, ile ndogo ya volti moja na nusu, akachomoa waya wa spika akagusisha upande wa chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi. Spika ya kwanza ikasogea nje kidogo, tak, unaiona kwa macho ile ngozi inatoka. Ya pili nayo ikatoka. Akaangalia na mashineni, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akasema bosi ziko sawa, ingekuwa moja imegeuzwa hii inatoka ile inaingia, besi zinauana humo humo njiani. Nikasema sasa kama ziko sawa besi yangu iko wapi?

Akaniuliza wewe unakaa wapi ukiangalia? Nikamwonyesha kiti changu cha plastiki hapo katikati ya sebule. Maana sofa, jamani, sofa kwangu ni la wageni na watoto na nguo zinazosubiri kukunjwa, mimi baba wa nyumba nina kiti cha plastiki. Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanieleza, na nilipokuja kufuatilia nikakuta ni kweli tupu: chumba chenye upande wa mita tatu, sauti inayokwenda mita 343 kwa sekunde, ile besi ya hezi 56 hivi, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, nusu ya wimbi lake inaenea ukuta kwa ukuta barabara, inasongamana kwenye kuta na katikati inakufa kabisa. Na kwa vile chumba changu ni mraba, kulia na kushoto inakufa hapo, mbele na nyuma inakufa hapo hapo, na hiyo hezi 56 ndiyo mdundo wenyewe wa singeli. Yaani aliyejenga chumba kakipima vizuri kabisa, kamba, pima maji, pembe zote nne safi, akamaliza akaniweka mimi kiti changu pale pale besi inapofia.

Dawa yake eti kuna ujanja wa wazungu, unaiweka sabufa pale unapokaa wewe halafu wewe unatambaa chini kandokando ya ukuta ukisikiliza, pale utakapoisikia imekaa vizuri ndipo unaihamishia. Basi sabufa ikapandishwa kwenye kiti changu cha plastiki na kitambaa chake na vesi yake, imetulia pale kama mgeni rasmi, mimi baba wa watu natambaa na bukta naweka sikio kwenye miguu ya kabati. Mlango uko wazi kwa joto. Akapita shemeji wa pasi na beseni la nguo, akasimama. "Shem pole, umepoteza nini?" Nikamjibu natafuta besi. Akaondoka bila kusema neno, na jioni mtaa mzima ulikuwa unanipa pole ambazo sizielewi.

Kwa sabufa ikiwa katikati vile kila nilipotambaa palikuwa na besi ya kuazima tu, mahali palipokuwa na nafuu kidogo ni mlangoni kwenye kizingiti kabisa. Nani anaweka sabufa kizingitini? Fundi akasema dawa rahisi ni kusogeza kiti hatua moja nyuma. Nyuma kuna friji. Mbele? Mbele kuna baiskeli. Akachukua hela yake akaondoka.

Na hata hizo spika za nyuma sizioni faida yake. Muvi tunazoangalia humu ndani ni zile za kutafsiriwa, DJ kashaongea juu ya kila kitu, bunduki inalia yeye anasimulia shemeji zake, sauti yote imefinywa njia mbili, halafu tunaitoa kwenye simu kwa bluutuu ambayo nayo inapitisha mbili, kwa hiyo spika zangu tano zote zinasema kitu kimoja, DJ yuko mbele, DJ yuko juu ya friji, DJ yuko kwenye pazia.

Sasa mzee wa chumba cha pili. Kuta za nyumba yetu zimeishia usawa wa dari, juu ni wazi mpaka mwisho wa nyumba, kuna ile hadibodi tu, sauti nyembamba zinakwama kwangu lakini besi inapanda inavuka inashuka kwake. Juzi nampa shikamoo asubuhi ananiambia marahaba mwanangu, ile ya jana walipigana sana, nani alishinda? Nikamuuliza mzee unasikia? Akanivuta mkono mpaka ndani kwake, kitanda chake kiko ukutani kabisa, nikakaa pale ukingoni nikamwita Aisha afungulie. Wallahi besi ilinipiga kifuani. Safi, ya mviringo, mpaka bati linaitikia, ile ile ya Kariakoo.

Kwa hiyo siku hizi nikimaliza kula naaga naenda kwa mzee. Neno hata moja halisikiki kule, ni mdundo tu, tunakisia wenyewe nani kapigwa, mama Aisha kabaki na maneno sisi tuna besi. Shida ni rimoti. Besi inavuka ukuta lakini rimoti haivuki, ule mwanga wake ukigonga tofali ndo basi, kwa hiyo inabidi nipaze sauti, Aishaaa, ongeza kidogo babu yako hasikii, na mama yake naye anajibu kutoka ndani kwangu kuwa hakuna kuongeza, maua yameshadondoka.