Kasi si kila kitu

Mwandishi wa makala moja ya magari anasema gari la Maserati GranTurismo mpya limeiacha mbali ya zamani, eti kwa kuwa Trofeo, toleo lake la petroli, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Kwa mbio, sibishi: injini ya V6 (silinda sita) yenye turbo mbili, yaani vifaa vinavyoisukumia injini hewa zaidi, nguvu ya farasi 550, magurudumu yote manne yanavuta. Lakini ile ya 2007 ilikuwa na V8 (silinda nane) ya lita 4.2 iliyoundwa na Ferrari, bila turbo. Nguvu zake 405 huzipati zote mpaka injini ifike mizunguko 7,100 kwa dakika, na njia nzima mngurumo unageuka kilio. Nzito, ndiyo, na giaboksi yake mjini ilijivuta. Sasa Folgore, toleo la umeme la hiyo mpya, hata huo mlio unatoka spika!